Muhtasari wa Siku Mwezi Ulipopatwa

Mama alinipigia simu usiku, mwishoni mwa Julai 2019. Si kawaida yake. Vocha yake huitunza kwa ajili ya kuulizia bei ya dagaa soko la Kirumba, Mwanza, na akishaijua bei hukata.

"Mama," akaanza, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, "wamechomeka vigingi kwenye uwanja wetu."

Uwanja ule ni kipande cha ardhi kati ya mwalo, yaani ufuko mitumbwi inapoegesha, na barabara, ng'ambo ya maji ukitoka Mwanza, upande wa Busisi. Ukiuona mara ya kwanza utasema ni mahali patupu. Mama na wenzake walikuwa wamechanga miaka mitatu kununua miti na nyavu za kutengenezea vichanja, kwa sababu dagaa wakianikwa mchangani huishia kuwa chakula cha kuku, na bei yake ni ya chakula cha kuku. Wakianikwa juu ya chanja wanakauka safi, wanaliwa na watu. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo iliyonilipia ada ya sekondari. Kwa hiyo aliposema vigingi, sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Kuna mtu alikuwa ameomba mahali pa kujenga ghala. Akina mama walipokwenda kuuliza ofisi ya kijiji, waliambiwa jambo limekwisha: Mkutano Mkuu wa Kijiji ulishapitisha.

"Mkutano gani?" mama alisema kwenye simu. "Hakuna mkutano uliozungumza uwanja. Wanatudanganya mchana kweupe."

Wakati huo nilikuwa naandika hesabu za duka moja la vipuri Mwanza mjini. Niliomba ruhusa ya siku mbili, nikaenda Kigongo kupanda kivuko. Siku hizo daraja halijakuwepo. Njiani niliisoma kwenye simu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na nikakuta jambo lililonipa nguvu: Halmashauri ya Kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila kwanza kupata ridhaa ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wanakijiji wote waliotimiza miaka 18. Basi kila kitu kilikuwa kinasimama juu ya mkutano huo mmoja. Kama ulifanyika, upo muhtasari wake. Kama haukufanyika, hakuna muhtasari. Nilidhani kazi yangu itakuwa fupi hivyo.

Mtendaji wa Kijiji alinipokea vizuri, akanikaribisha kiti. Nilimwomba anionyeshe kitabu cha mihtasari. Akasema kiko kwa Mwenyekiti. Nikaenda kwa Mwenyekiti, akaniambia vitabu vyote viko kwa Mtendaji. Niliporudi wiki iliyofuata, nikaambiwa kitabu kimepelekwa halmashauri kukaguliwa. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenitukana. Kila mmoja aliniambia kwa upole niende kwa mwingine, na mimi nikawa ninarudi Mwanza na nauli imekwisha.

Mara ya tatu nilikwenda moja kwa moja kwenye mji mdogo yalipo makao makuu ya halmashauri yetu ya wilaya. Nilikuwa na barua mkononi. Niliiandika usiku kwa hasira, kurasa mbili, nikaomba "taarifa zote kuhusu ardhi ya kijiji", na nikaeleza humo jinsi akina mama wanavyoonewa, rushwa ninayoihisi, na mengine ambayo leo nisingeyaandika bila ushahidi.

Masjala ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, majalada yamefungwa kwa kamba hadi darini. Mama mmoja mtu mzima, mwenye miwani, aliipokea barua yangu. Akaisoma yote, jambo ambalo sikulitegemea. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mdogo wangu, unataka karatasi au unataka kulalamika?"

Nikamwambia nataka vyote viwili.

"Basi ni barua mbili. Ukivichanganya, hii itakwenda kwa anayeshughulikia malalamiko, wataunda kamati, na karatasi yako hutaiona. Leo omba karatasi. Na usiseme taarifa. Taarifa gani? Hapa kila kitu ni taarifa. Iite kwa jina lake."

Kisha akanifundisha, na ninakiri kwamba hayo ya dakika 20 yamenifaa kuliko mengi niliyosoma darasani. Aandikiwe yule aliye na kitabu, yaani Afisa Mtendaji wa Kijiji, kwa sababu Mwenyekiti huchaguliwa na kuondoka, lakini Mtendaji ni mwajiriwa na ndiye katibu. Kitabu ni cha ofisi, si cha mtu. Chini ya barua niandike nakala kwa Mtendaji wa Kata na kwa Mkurugenzi Mtendaji. Nitaje kwamba mimi ni raia, niweke namba ya kitambulisho, kwa kuwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa haki hiyo raia wa Tanzania. Nitaje sheria hiyo kwa jina, bila vitisho. Nitoe nakala mbili za barua, na nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hapo alinyanyua kidole. "Bila muhuri hujaandika kitu. Siku 30 zao za kukujibu zinahesabiwa kuanzia muhuri."

Nikamuuliza, je, asiyejua kuandika? Akasema sheria imemkumbuka: afisa wa taarifa anapaswa kumsikiliza na kumwandikia ombi lake. Na akinyimwa mtu anaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, na asiporidhika anakata rufaa kwa Waziri. Akaongeza kuwa watu wengi huishia hatua ya kwanza kwa kuchoka tu.

Halafu akauliza swali lililonikwamisha. "Mkutano ulikuwa tarehe ngapi?"

Sikujua. Kwa akili yangu mkutano haukuwepo.

"Ukisema 'mkutano uliopitisha uwanja', watakujibu hawaujui. Ukisema tarehe, hawana pa kupita. Nenda kamuulize mama yako ni lini mara ya mwisho walikaa."

Jioni hiyo nilikaa na mama jikoni. Alikumbuka mkutano mmoja wa kati ya mwaka, wa madawati ya shule. Tarehe hakuijua, na kwa nini aijue? Kalenda ya mwalo ni giza na mbalamwezi. Wakati wa giza wavuvi hutoka na taa zao, dagaa wakaja kwenye mwanga, na kila mtu ana kazi usiku na mchana. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, mitumbwi hupumzika, na ndipo mikutano, harusi na madeni hushughulikiwa. Kwa hiyo alianza kuhesabu nyuma, giza baada ya giza, akitaja bei za kila msimu. Ghafla akaacha kuchochea moto.

"Ilikuwa kesho yake baada ya mwezi kupatwa. Tulikesha nje na watoto tukiutazama. Asubuhi ndipo wakapita na kipaza sauti kutuita."

Nikachukua simu. Mwezi ulipatwa usiku wa Jumanne, 16 Julai 2019, ukaendelea hadi baada ya saa sita usiku. Mkutano ulikuwa Jumatano, tarehe 17. Nilimshika mama mkono. Sijawahi kuona tarehe ikipatikana kwa njia nzuri namna ile.

Barua mpya ilikuwa na aya mbili. Kichwa chake nakikumbuka neno kwa neno, kwa sababu niliandika upya mara nne: "YAH: MAOMBI YA NAKALA YA MUHTASARI WA MKUTANO MKUU WA KIJIJI WA TAREHE 17 JULAI 2019, PAMOJA NA ORODHA YA MAHUDHURIO." Jumatatu, 19 Agosti, ilipokelewa sehemu zote tatu, na mihuri mitatu ikakaa kwenye nakala yangu. Niliiweka ndani ya Biblia ya mama.

Siku zikaenda. Wiki ya kwanza, kimya. Wiki ya pili Mtendaji wa Kata alimpigia mama kumuuliza kama binti yake ana chama. Wiki ya tatu kimya tena. Mama mdogo akasema tuache, tutaharibu uhusiano na ofisi, na watu wakianza kutafuta kibali cha kitu chochote tutakuwa wa mwisho kwenye foleni. Hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Anayeishi pale kijijini ni yeye, si mimi. Mama alimjibu tu kwamba hatujamshtaki mtu, tumeomba karatasi.

Siku ya 25, Ijumaa, niliitwa. Mtendaji wa Kijiji mwenyewe alinikabidhi kurasa nne zilizotolewa fotokopi, nikalipia gharama ya nakala, nikasaini kwenye dispachi, kitabu cha kukabidhiana barua. Alikuwa mchangamfu. Nadhani hata yeye alishusha mzigo.

Nilisoma nimesimama chini ya mwarobaini, mama pembeni yangu. Ajenda saba. Kufungua, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, mapato na matumizi, madawati, mengineyo, kufunga. Chini ya mengineyo, baada ya habari ya mbwa wanaozurura, kulikuwa na mstari mmoja: mkutano ulipokea maombi ya kiwanja cha ghala katika eneo la mwaloni na kuridhia. Basi. Hakuna idadi, hakuna jina la aliyechangia.

Nikafungua ukurasa wa mahudhurio ili nimwonyeshe mama kuwa majina ni ya kubuni. Namba 37 lilikuwa jina lake. Saini ilikuwa yake, ile herufi ya kwanza anayoizungusha mara mbili.

Alikaa kimya muda mrefu. "Nilikuwepo," alisema mwishowe. Mkutano ulianza saa nane. Walipomaliza madawati, lori la mnunuzi likafika kupakia magunia ya giza lililopita, na akina mama wote wakanyanyuka wakaenda kupima mzigo wao. Walidhani mambo makubwa yamekwisha. "Basi hawakusema uongo kwamba mkutano ulikaa. Mimi ndiye niliyesema uongo kwenye simu, bila kujua."

Nilitaka kubisha. Nilikuwa nimekuja na neno wizi mdomoni kwa wiki sita, na karatasi haikunipa neno hilo. Mama alinikataza katakata nisilitamke. Aliniambia: tumeomba ukweli ulioandikwa, sasa tumeupata, tutaanzia hapo ulipo.

Mkutano uliofuata ulikuwa Jumanne, 15 Oktoba, siku moja baada ya Siku ya Nyerere, mwezi ukiwa bado mkubwa. Akina mama walikuja mapema wakaketi mbele. Ilipofika ajenda ya kuthibitisha muhtasari uliopita, ambayo kwa kawaida hupita kwa watu kuitikia "tumethibitisha", mama alinyoosha mkono. Nilikuwa nyuma na magoti yakanitetemeka.

"Ndugu Mwenyekiti, namba 37 ni mimi. Nilisaini saa nane. Jambo la ghala liliposemwa sikuwepo, na hawa wenzangu hawakuwepo. Naomba Mtendaji atusomee tulibaki wangapi."

Mtendaji alifunua kurasa. Hakikuandikwa kitu, akasema hivyo hivyo, kwa uaminifu. Wanaume wawili waliokuwepo hadi mwisho wakasema walibaki kama watu 20. Kelele zilipanda, Mwenyekiti akagonga meza, mzee mmoja akauliza ardhi ya wote inawezaje kwenda pamoja na mbwa wanaozurura. Mwishowe muhtasari haukuthibitishwa katika kipengele hicho. Walikifuta kwa kalamu na kuweka saini pembeni, na suala likaamuliwa lije kama ajenda yenyewe.

Tarehe 24 Novemba ulikuwa uchaguzi wa serikali za mitaa, kwa hiyo ajenda ikasubiri viongozi wapya. Ilikuja Januari 2020. Ilijadiliwa tangu saa nane hadi jua likawa jekundu juu ya ziwa, safari hii watu wakihesabiwa mmoja mmoja. Ghala likapewa mahali nyuma ya barabara. Uwanja ukabaki wa kuanikia, isipokuwa hatua kumi za upande wa kusini zilizoachwa kuwa njia ya malori, na hizo zilikuwa na vichanja viwili vya mama mdogo. Tulivihamisha wenyewe kesho yake.

Lakini siku hiyo ya mkutano, baada ya kura, lori la mnunuzi lilipiga honi barabarani. Mwenyekiti mpya akauliza kama kuna mengineyo. Nilitazama mbele. Hakuna mama aliyenyanyuka.