Wapiga Debe Wasiolipwa: Siku Moja Maishani Mwangu

Saa 11 alfajiri

Nipo stendi ya Mbezi Luis, Dar es Salaam, na wapiga debe wameshaanza. "Arusha, dada, Arusha?" Wananijua vizuri, lakini hawaachi. Wao wanalipwa. Kazi yangu, katika kampuni moja ya mabasi, ni kuwahesabu wanaotupigia debe bure: abiria ambaye akifika nyumbani anamwambia shemeji yake, "Panda lile."

Basi la saa 12 limejaa. Kondakta wetu, kijana mcheshi, anasimama katikati ya siti. "Ndugu abiria, ofisi itawatumia meseji. Jibuni kumi! Mtoto wangu anataka ada." Watu wanacheka. Akishuka namvuta pembeni.

"Dada, si ndiyo mnayoitaka, hiyo kumi?"

Sina ubavu wa kumgombeza. Mwaka jana ni mimi niliyeshauri posho yao ifuate alama wanazotoa abiria. Alama zikapaa, malalamiko ya mizigo yakabaki palepale. Posho hiyo tumeifuta, mazoea hayajafutika.

Saa 2 asubuhi

Ofisini, Shekilango. Abiria 50 wa jana wamejibu. Zamani tulikuwa tunauliza "kuna uwezekano gani wa wewe kutupendekeza", tukawa tunajibiwa "asante" na "Mungu awabariki". Siku hizi tunauliza hivi: "Ndugu yako akikuuliza apande basi gani, utamtajia letu? Jibu kwa namba, 0 hapana kabisa, 10 bila shaka."

Hesabu yenyewe ni ya Mmarekani Fred Reichheld, aliyeieleza Desemba 2003 katika jarida la Harvard Business Review. Wa 9 na 10 ndio wapiga debe. Wa 7 na 8 wapo wapo tu. Kuanzia 0 hadi 6 hawakuridhika, na huenda wanatusema huko waliko. Unachukua asilimia ya wapiga debe, unatoa asilimia ya wasioridhika. Leo wapiga debe ni 27, wa katikati 12, wasioridhika 11. Yaani 54 toa 22, tunapata 32.

Hao wa 8 ndio wananisumbua akili. Kwenye mtihani wa kidato cha nne, A inaanzia 75. Mtanzania akikupa 8 kati ya 10 amekupa A, halafu mimi namwandika hana upande! Kwa hiyo 32 yetu siilinganishi na ya kampuni ya Ulaya. Nailinganisha na yetu ya mwezi uliopita, basi.

Saa 4

Simu. Hapa ndipo kazi ilipo, yale mengine ni jedwali tu.

Naanza na mama mmoja aliyetoa sufuri. "Mwanangu, mimi nilidhani mnataka kunikata hela! Nikaandika sufuri ili msikate." Safari yenyewe aliipenda sana. Sufuri yake siigusi, naandika maelezo pembeni. Nikianza kurekebisha namba kwa nia njema, kesho nitazirekebisha kwa ajili ya bosi.

Waliotoa 10 nao nawapigia wachache, jambo ambalo wenzangu wanaliona ni kupoteza vocha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Basi zuri, dereva hakimbizi, kijana aliyembebea begi ana adabu. Kwa hiyo mjukuu wake akisafiri atamtajia letu? Kimya kidogo. "Hapana, huyo nitamwambia apande jingine." Kumbe ana kisukari, haja ndogo inambana mara kwa mara. Aliomba basi lisimame achimbe dawa, akaambiwa avumilie hadi Korogwe. Mbona alitupa kumi? "Nilidhani nikiandika kidogo yule kijana wa begi atafukuzwa."

Narudi kwenye maelezo ya wasioridhika. Watatu kati ya wale 11 wanalia na jambo hilohilo.

Saa 7 mchana

Wali maharage na mchicha kwa mama ntilie. Simu nimeizima.

Saa 8

Kikao. Bosi anataka 60 kabla ya Desemba, maana amesikia kampuni nyingine ina 60. Namwuliza wao wanawauliza abiria wapi. Dirishani, mbele ya mkata tiketi. Nani atampa mtu nne machoni pake?

Namweka mezani yule mzee na wale watatu. Msimamizi wa madereva anakataa: ratiba ni ratiba, na gari likichelewa yeye ndiye anayeulizwa. Tunabishana karibu saa nzima. Mwishowe wanakubali basi la saa 12 lijaribu wiki mbili: kusimama dakika kumi Segera, kabla ya Korogwe, na kondakta aitangaze tangu Mbezi ili mtu ajue anavumilia hadi wapi. Sikupata zaidi ya hapo. Wazee wengine hata Segera ni mbali.

Saa 10 jioni

Nampigia tena mzee nimweleze. Anasikiliza hadi mwisho.

"Vizuri. Sasa ile kumi yangu ifute, andika nane. Wakishasimama kweli ndipo nitawarudishia."

Namweleza kwamba namba haifutwi, ila maneno yake nitayaandika. Nayaandika kama alivyosema. Kwenye karatasi itakayokwenda kwa bosi kesho, mzee bado ni mpiga debe wetu.