Namna Nilivyopima Uvujaji wa Bwawa Letu la Udongo

Bwawa letu halikujengwa kwa ajili ya samaki wala bustani, ingawa ukimuuliza kijana yeyote wa kijijini atakujibu hivyo. Lilijengwa ili mto wa msimu unaoshuka kwa kishindo kutoka milimani usifike bonde la Mkondoa ukiwa na nguvu zake zote. Bonde hilo lina kumbukumbu chungu: mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika wilayani Kilosa, Tanzania, maelfu ya watu wakakosa makazi, na reli ya kati ikaharibika vibaya kati ya Kilosa na Gulwe. Tangu hapo Bwawa la Kidete, lililopo wilaya hiyohiyo, hutajwa kila reli inapokatika. Letu halitajwi na mtu. Ni tuta la udongo lenye kimo cha mita 8 hivi na urefu wa mita 200 na ushei, lenye bomba moja la kutolea maji na utoro, yaani njia ya kupitishia maji yanayozidi bwawa linapojaa, uliochimbwa ubavuni mwa kilima.

Baada ya kustaafu ualimu nilichaguliwa kuwa katibu wa jumuiya ya watumia maji, na kwa miaka miwili kazi yangu ilikuwa kuandika mihutasari na kukusanya michango. Kilichoniamsha ni habari za redio za Septemba 2023 kuhusu mji wa Derna nchini Libya, ambako usiku wa kuamkia tarehe 11 mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970 ili kuudhibiti mto wa msimu yalipasuka, na maji yakaizoa mitaa mizima hadi baharini. Wakati huo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutahadharisha kuhusu mvua kubwa za El Niño katika vuli yetu. Asubuhi iliyofuata nilichukua fimbo nikaenda kulitembea tuta kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kwanza juu, kisha chini upande wa nyuma usio na maji. Nakiri kwamba upande huo sikuwahi kuukanyaga.

Juu, njia za ng'ombe zilikuwa zimelila tuta katika sehemu tatu, kiasi kwamba mahali pamoja palikuwa chini ya penginepo kwa karibu nusu mita. Maana yake ni kwamba maji yakipanda yangeanza kumwagika hapo, juu ya udongo mtupu, badala ya kupitia kwenye utoro. Mkuyu uliojiotea ulikuwa umekwisha kuwa mti wa kukalia kivulini, na kando yake palikuwa na kichuguu na mashimo ya panya buku. Kwenye utoro nilikuta viroba vya mchanga vimepangwa vizuri kama ukuta. Chini, kwenye kitako cha tuta, karibu na mahali lilipotokea bomba, ndago zilikuwa za kijani kibichi ilhali nyasi za pande zote zilikuwa zimekauka, na nilipokanyaga, kiatu kilizama.

Niliandika barua kwa ofisi husika, ambayo sitaitaja, nikaeleza kwamba bwawa linavuja. Baada ya majuma matatu nilijibiwa kwamba taarifa imepokelewa na kwamba bajeti ya ukaguzi haipo. Nilikasirika, kisha nikaisoma upya barua yangu kama ninavyosahihisha insha, nikaona kwamba haikuwa na hata namba moja. Kila bwawa la udongo huvuja kidogo. Mtaalamu anachotaka kujua ni kiasi gani, tangu lini, na kama maji hayo ni safi au yanabeba udongo.

Basi nikaanza kupima. Kwa msaada wa kijana mmoja tulijenga kizingiti kidogo cha mfinyanzi mbele ya ile sehemu yenye unyevu, tukapitisha kipande cha bomba, na chini yake tukaweka ndoo ya lita 10. Kila Ijumaa saa moja asubuhi nilihesabu kwa saa ya mkononi ndoo inajaa kwa sekunde ngapi. Kwenye nguzo ya zege iliyomo ndani ya bwawa tulichora alama za sentimita kwa rangi nyeupe, kwa sababu uvujaji huongezeka bwawa linapojaa, na namba ya ndoo peke yake haisemi kitu kama hujaandika kando yake kina cha maji cha siku hiyo. Mwisho nilijaza maji ya bomba hilo kwenye chupa ya kioo na kuiacha dirishani hadi kesho yake nione kama kuna kilichotuama.

Viroba vya utoroni vilikuwa shughuli nyingine, na pengine ngumu zaidi. Wavuvi ndio walioviweka, ili bwawa libaki na maji mengi kiangazi kizima. Mkubwa wao, mtu ninayemheshimu na ambaye watoto wake nimewafundisha, aliniambia kikaoni, "Mwalimu, bwawa bila maji ni shimo tu." Nilimjibu kwamba ndivyo lilivyokusudiwa: bwawa la kuzuia mafuriko hufanya kazi likiwa na nafasi, na likiwa limejaa kabla mvua haijaanza halizuii kitu, bali huongeza hatari juu ya hatari. Hakuniamini. Tulibishana vikao viwili, hadi mama mmoja mwenye shamba la mpunga chini ya bwawa alipouliza ni nani atakayemlipa tuta likikatika. Hapo makubaliano yakapatikana: viroba vitolewe, na maji yashushwe hadi alama ambayo bado ingewaachia samaki mahali pa kuishi.

Kushusha maji kulihitaji kufungua valvu ya bomba la kutolea maji, na valvu hiyo haikuwa imefunguliwa tangu wengi wetu tuwe vijana. Mpini wake haukujulikana ulipo. Fundi wa kuchomelea alitengeneza mwingine, tukaimwagia nati dizeli kwa siku tatu, na siku ya nne ikazunguka robo mzunguko kwa mlio ambao sitausahau. Tulitaka kuifungua yote kwa furaha. Kwa bahati nilikuwa nimempigia simu mhandisi mmoja niliyewahi kumfundisha darasa la tano, naye akanionya kwamba maji yakishuka ghafla, udongo wa upande wa ndani hubaki umelowa na mzito bila maji ya kuuegemeza, na unaweza kuporomoka. Tukashusha sentimita 10 kwa siku, si zaidi. Kuhusu mkuyu alisema tukate shina na kuacha kisiki, kwa kuwa kung'oa mizizi huacha matundu ndani ya tuta wakati bwawa lina maji.

Septemba ndoo ilikuwa ikijaa kwa sekunde 50. Tulipokwisha kushusha maji ilichukua zaidi ya dakika moja, nami nikatulia. Vuli ilipochanganya, kina kikarudi pale pale kilipokuwa Septemba, lakini Ijumaa moja ya Desemba ndoo ilijaa kwa sekunde 24. Kina kilekile, uvujaji mara mbili na zaidi. Asubuhi ya Jumamosi chupa ya dirishani ilikuwa na tabaka la udongo mwembamba chini yake, unene wa ukucha. Hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote, kwa sababu maji yanayobeba udongo yanachimba njia ndani ya tuta, na njia ikipanuka tuta la miaka mingi linaweza kukatika kwa saa chache.

Vijana walitaka kuiziba sehemu hiyo kwa mfinyanzi, na mimi pia ningefanya hivyo kama si mhandisi wangu kupiga kelele kwenye simu. Ukiyaziba maji yatatafuta kwingine, na yatatoka kwa nguvu zaidi mahali usipopaona. Kinachotakiwa ni kuyaruhusu yapite huku udongo ukizuiwa. Tuliweka mchanga mkavu wa mtoni uliochekechwa, juu yake kokoto ndogo, juu yake kokoto kubwa, na mwisho mawe ya kukandamiza, kazi iliyoanza saa nne asubuhi na kwisha usiku kwa mwanga wa tochi. Wakati huohuo valvu ilifunguliwa, na mwenyekiti wa kijiji akawahamisha watu wa kaya zilizo chini kabisa kwa siku nne. Wapo walionilaumu kwa kuwasumbua.

Jumatatu nilipeleka ofisini nakala ya daftari: tarehe, kina, sekunde, hali ya maji, pamoja na ile chupa. Nilitaja pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ina masharti kuhusu usalama wa mabwawa. Gari lilifika Jumatano. Wataalamu walikagua kwa siku mbili, wakasema mchujo wetu wa mchanga na kokoto uachwe kama ulivyo mpaka kiangazi, kisha wakaagiza zile sehemu tatu za juu zijazwe kwa udongo unaoshindiliwa tabaka kwa tabaka, na ng'ombe wapitishiwe njia nyingine. Wafugaji walikubali haraka kuliko nilivyotarajia, sharti lao likiwa birika la kunyweshea liunganishwe na bomba la kutolea maji, nalo likajengwa.

Aprili 2024, mvua zilipokuwa kubwa nchi nzima, maji yalipita kwenye utoro kwa siku mbili mfululizo bila kugusa tuta, na ndoo ilijaa kwa sekunde 38, maji yakiwa safi. Mchujo wa kudumu wenye mfereji wa mawe umejengwa nusu; nusu iliyobaki inasubiri fedha za mwaka mwingine. Mhandisi alishauri mpini wa valvu usikae kwa mtu mmoja, kwa hiyo ipo mitatu: mmoja ofisi ya kijiji, mmoja kwangu nyuma ya mlango, na wa tatu kwa yule mkubwa wa wavuvi, ambaye Ijumaa nikiwa na homa ndiye anayekwenda na ndoo.