Vifupisho kwenye mijadala ya sola: ninavyovidhibiti

Nasimamia mijadala ya mtandaoni ya watu wanaojifungia umeme wa sola wenyewe, na kinachonila muda si ugomvi wala matangazo ya biashara. Ni vifupisho. Mtu anauliza: "AC inazima kila nikiwasha, inveta ni 1000VA, shida nini?" Wa kwanza anamwambia apime volti kwenye soketi, maana ameelewa umeme wa AC, ule kama wa soketi za nyumbani, unaotoka kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri. Wa pili anazungumzia kiyoyozi: kompresa ikianza huvuta umeme mara kadhaa kuliko ikishatulia, inveta inazidiwa na kujizima. Wote wamejibu vizuri, ila kila mmoja amejibu swali lake.

Sipigi marufuku chochote kabla ya kuchambua. Napitia mijadala ya nyuma na kuokota sehemu mbili tu: pale mtu alipouliza "hiyo ni nini?", na pale majibu yalipopishana kama hapo juu. Kukusanya vifupisho vyote ni kujichosha bure.

Vilivyoandikwa kwenye kifaa au boksi lake, kama Ah (ampea-saa, ujazo wa betri), Wh (wati-saa), VA (volti mara ampea, ukubwa wa inveta), MPPT na PWM (aina mbili za chaji kontrola) na BMS (saketi inayolinda betri), vinabaki. Mnunuzi atakutana navyo dukani na ndivyo atakavyovitafuta, kwa hiyo kumfichia ni kumwonea. Vyenye maana zaidi ya moja haviruhusiwi kusimama peke yake: andika "umeme wa AC" au andika "kiyoyozi". Vile ambavyo wenyeji wa kundi wamejitungia ili waandike haraka, navifuta bila huruma. Mgeni hata atafute wapi, hatavipata.

Wengi hudhani kufafanua kifupisho ni kutaja maneno yaliyofupishwa. MPPT ni maneno manne ya Kiingereza. Ukiyataja yote, anayeanza bado hajui anunue nini. Mimi naandika kazi ya kifaa: chaji kontrola, yaani kifaa kinachodhibiti chaji kutoka paneli kwenda betri, ya MPPT hutafuta volti ambayo paneli inatoa nguvu nyingi zaidi, kisha huishusha ifae betri; ya PWM huunganisha paneli na betri moja kwa moja kwa kuwasha na kuzima haraka haraka, hivyo paneli yenye volti kubwa kuliko betri hupoteza sehemu ya nguvu yake. Basi, inatosha.

Faida nyingine ya kufungua vifupisho ni kwamba pengo linaonekana. Chukua jibu kama hili: "AGM 100Ah, DoD 50%, loadi 60W, unapata 10h." Linasomeka kama kauli ya fundi. Ukiliandika kwa kirefu linakuwa hivi: betri ya AGM, yaani ya asidi na risasi iliyozibwa, ya volti 12 na 100Ah ina 1200Wh, kwa kuwa ni 12 mara 100. Usiishushe chini ya nusu kila siku (ndiyo hiyo DoD 50%, kiasi unachokitoa kwenye betri), itakufa mapema. Unabaki na 600Wh. Vifaa vya 60W vitakwenda saa 10, pungufu kidogo kwa sababu inveta nayo inakula. Sasa rudi kwenye jibu la kwanza: volti 12 haikutajwa kabisa. Bila volti, Ah haikuambii umeme uliopo ni kiasi gani. 100Ah za volti 24 ni mara mbili ya hizo. Ndiyo maana siamini jibu ambalo mwenyewe hawezi kuliandika kwa sentensi nzima.

Vipimo ndivyo nisivyovifumbia macho. W si Wh: ya kwanza ni nguvu ya papo hapo, ya pili ni umeme uliotumika kwa muda. Inveta ya 1000VA yenye kipeo cha nguvu (power factor, sehemu ya VA inayogeuka wati) cha 0.8 hubeba 800W, si 1000. Na kibodi ya simu ikikuza herufi yenyewe, mW (miliwati) inageuka MW (megawati), tofauti ya mara bilioni moja. Hospitalini wanalijua hili: mwaka 2004 Joint Commission, tume inayotoa ithibati kwa hospitali za Marekani, ilitoa orodha ya vifupisho visivyotakiwa kuandikwa. Herufi U kwa maana ya yuniti imo, kwani kwa mkono husomeka kama sifuri, na 10U ikawa 100. Wanaoisoma ni wataalamu watupu, na bado dawa iliyopatikana ni kuiondoa.

Kifupisho hufafanuliwa kinapotajwa mara ya kwanza katika kila ujumbe, si mara moja kwa mjadala mzima. Watu hupiga picha ya jibu moja na kulisambaza, nalo hufika bila yaliyotangulia. Anayesahau simkosoi mbele za watu. Najibu swali hilohilo kwa maneno kamili, na mara nyingi anaelewa. Programu za kufafanua zenyewe nimezizima, kwa sababu haziwezi kujua AC ni ipi, zinabaki kujaza maelezo kila mahali. Kwenye mjadala wa mafundi watupu nalegeza. Hakuna haja ya kumwelezea BMS mtu anayeibadilisha kila wiki.

Mkato wa kuchati, "cjui", "xaxa", "btr", nauacha kwenye utani. Kwenye kichwa cha swali naubadilisha, maana anayetafuta "betri haijai" hatakutana na "btr haijai", na programu zinazowasomea wasioona hulitamka neno hilo ovyo. Picha ya stika ya inveta nayo haitoshi. Naomba modeli, volti na VA ziandikwe chini yake kwa herufi, kwa sababu namba zilizo ndani ya picha mara nyingi hazipatikani kwa kutafuta.