Theluthi ya Nini?

Leo jioni nimefanya mafumbo ya sehemu na wanafunzi wa darasa la saba, na fumbo moja bado linanikaa akilini. Mfanyabiashara aliuza 2/5 ya magunia yake ya mahindi siku ya kwanza, siku ya pili akauza 1/3 ya magunia yaliyobaki, akabakiwa na magunia 24. Je, mwanzoni alikuwa na magunia mangapi?

Wengi walijumlisha 2/5 na 1/3 wakapata 11/15, wakaona kuwa kilichobaki ni 4/15, na kwa kuwa 4/15 hiyo ni magunia 24, wakaandika 90. Katika ukokotoaji wao hakuna dosari hata moja, na jibu ni namba nzima inayopendeza macho, kwa hiyo mtoto hana sababu ya kulitilia shaka. Walipotelea katika kusoma, kwa kuwa theluthi ile haikuwa ya magunia yote bali ya yaliyobaki.

Ninaipenda aljebra kwa sababu inamlazimisha mtu aseme sehemu ni ya nini kabla hajaanza kukokotoa. Magunia yote yakiwa x, baada ya siku ya kwanza yanabaki 3x/5. Theluthi ya 3x/5 ni x/5, basi baada ya siku ya pili yanabaki 2x/5. Tukiandika 2x/5 = 24, tunapata x = 60. Kisha tukalirudia fumbo kwa majibu yote mawili: 60 yakitoka 24 yanabaki 36, yakitoka 12 yanabaki 24, lakini 90 yakitoka 36 yanabaki 54, yakitoka 18 yanabaki 36, na fumbo halikusema 36. Uhakiki huu, ambao wanafunzi huuruka ili kuokoa muda, kwangu ni nusu ya kazi yenyewe.

Wapo wanaodhani mafumbo haya yametungwa kwa ajili ya mitihani tu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra kwa maswali ya mirathi na wasia, na maswali ya namna hiyo yangali yanaulizwa katika familia za Kiislamu za pwani yetu. Tuseme marehemu, ambaye wazazi wake walikwisha kufariki, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Mke hupata 1/8, na kinachobaki hugawanywa ili wa kiume apate mara mbili ya wa kike; fungu la binti likiwa x, basi 3x = 7/8 ya mali, na x ni 7/24. Mali ikiwa shilingi 24,000,000, mke atapata 3,000,000, binti 7,000,000 na kaka yake 14,000,000.

Hapa pia lazima tuulize: 1/8 ya nini? Ni ya mali inayobaki baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia. Marehemu akiwa ameacha 30,000,000 pamoja na deni la 6,000,000, anayempa mke 1/8 ya fedha zote atampa 3,750,000, na ile 750,000 ya ziada itakuwa imetoka katika haki ya watoto.