Kwa miguu kutoka Sigi hadi Amani

Kwa miaka mingi nimekuwa nikipita Muheza kwa basi na kuitazama milima ya Usambara Mashariki kupitia dirishani bila kushuka. Mwezi uliopita nilishuka. Nililipa ada katika Sigi, lango la hifadhi ya msitu wa Amani, nikapewa mwongozaji, mzee wa Kisambaa mwenye panga na viatu vya mpira, tukaiacha barabara ya magari na kushika njia ya msituni kuelekea Amani. Sigi iko kwenye mita 450 hivi kutoka usawa wa bahari na Amani kwenye mita 900, kwa hiyo mtu asiyezoea kupanda ataisikia tofauti hiyo magotini.

Ingawa ufuko hauonekani ukiwa chini ya miti, milima hii ni mtoto wa bahari. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huvuka tambarare ya mikonge na michungwa, hukutana na ukuta huu, hupanda, hupoa, na kumwaga mvua ambayo tambarare haiipati. Ndiyo maana msitu umedumu hapa kwa muda mrefu sana, ukiwa na mimea na viumbe wasiopatikana penginepo.

Kando ya kijito mzee alisimama. "Mwanangu, hapa hatupiti, hapa tunachuchumaa." Juu ya jiwe lenye kuvu mbichi palikuwa na majani manene yenye vinyweleo, kila kinyweleo kikishika tone lake la maji, na katikati ua moja la zambarau lenye vidoa viwili vya manjano. Hiyo ni Saintpaulia. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliipeleka kwao, na mwaka 1893 ikapewa jina lake. Leo hukaa kwenye vyungu madirishani kote Ulaya. Nilikwisha kuiona dukani mara nyingi. Kuikuta kwenye jiwe lake, ikiwa ndogo kuliko kiganja changu, kulinigusa kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mti mmoja wa kivuli ukikatwa hapo juu, jua litalikausha jiwe lile lote.

Kivuli chenyewe kinabadilika. Musizi, mti ulioletwa na wageni, umeenea mno, na hondohondo, ambao mabawa yao tuliyasikia yakivuma kabla hatujawaona, hula matunda yake na kuzitawanya mbegu. Siwezi kuwalaumu ndege, lakini nilihuzunika kuona miche yake katika kila uwazi.

Kutoka Amani tulipanda hadi kilele cha Mbomole, nikitumaini kuona tambarare hadi mbali. Ukungu ulikuwa umekwisha kupanda kabla yetu. Mzee alivaa koti, akakaa juu ya gogo, nami nikakaa karibu naye, tukasikiliza maji yakidondoka kutoka jani hadi jani ingawa mvua haikuwa ikinyesha.