Nywele zangu na fukuto la Tanga

Nilihamia Tanga kikazi mwaka juzi, mwishoni mwa Januari, kaskazi imeshika. Mimi ni mtoto wa Dodoma. Kwetu ukianika jinzi saa nne asubuhi, saa nane unaivaa, na tatizo la nywele ni ukavu tu: vumbi, upepo, ncha zinazokatika. Nikizinyoosha kwa pasi Jumamosi, zinalala hadi Ijumaa inayofuata. Wiki ya kwanza Tanga chumvi iliganda kwenye kikopo, kanga ililala kambani ikaamka mbichi, nami nikaanza kuelewa kwamba nimefika mahali pengine.

Mwezi wa pili tulialikwa kicheni pati ya mfanyakazi mwenzetu. Nilikaa saluni saa nzima na nusu, msusi akanipiga pasi kishungi kwa kishungi, nyuzi 230. Nilitoka nywele zinateleza hadi mabegani. Nikapanda bajaji, mwendo wa dakika ishirini hivi, upepo wa bahari unaingia upande wa kushoto. Nilipojitazama kwenye kioo cha ukumbini, upande wa kulia ulikuwa bado umelala kidogo, wa kushoto umetimka wote, mizizi imesimama, ncha zimenyooka. Nilifunga mtandio, nikakaa meza ya nyuma. Iliniuma sana.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya niandike haya. Nilinunua pasi yangu mwenyewe, nikawa nazipiga kila asubuhi kabla ya kazi, kwa karibu miezi miwili. Siku moja nikaziosha nikaona kitu kwenye kipaji cha uso: nywele zangu zote zikishika maji hujikunja, ni za kipilipili, lakini kishungi cha mbele kilining'inia kama uzi wa kushonea. Nikakisokota, nikakilowesha tena, wapi. Kilikuwa kimeungua na hakikurudi. Nilikikata. Nywele hukua kama sentimeta moja kwa mwezi, basi piga hesabu nilikaa muda gani na lile pengo.

Aliyenitoa huko ni mama mwenye nyumba, mtu mzima wa pale pale Ngamiani. Nilimkuta uani anakuna nazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo umefunika kichwa mapema?"

Nikamweleza. Akaacha mbuzi, akanivua kitambaa, akapitisha vidole kwenye mizizi. "Sasa wewe wazikausha, na hewa yenyewe maji. Zisuke zingali na maji yake. Zikikaukia humo, hazina tena pa kwenda."

Nilikuja kusoma nikakuta bibi yuko sahihi kabisa. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na umbo lake la siku hiyo linashikwa na viunganishi vidogo vya haidrojeni. Maji huvivunja, ukikauka vinajifunga upya katika umbo lolote ulilokuwa nalo wakati huo. Pasi hufanya kazi hiyo hiyo kwa haraka. Lakini mvuke wa hewani nao ni maji, na asubuhi za hapa simu yangu huniandikia unyevu wa asilimia 85, hata 90. Kwa hiyo nywele iliyonyooshwa inarudi taratibu kwenye mkunjo wake, kila uzi kwa mwendo wake, ndiyo maana inakuwa timtim. Unywele unaijua hali ya hewa kiasi kwamba mwaka 1783 mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, alieleza kipimo cha unyevu alichokitengeneza kwa nywele za binadamu: hewa ikijaa maji unywele hurefuka kwa kama asilimia 2, hewa ikikauka unarudi. Wakati ule nywele zangu hazikuwa mbovu. Zilikuwa zinapima hewa ya Tanga.

Siku hizi Ijumaa usiku napaka mafuta ya nazi kabla ya kuosha, siyo baada. Yanaingia ndani ya unywele na kuuzuia usivimbe sana kwenye maji. (Dodoma mwezi wa saba mafuta hayo yaliganda chupani, tukayaanika juani, hapa sijawahi kuyaona yameganda.) Jumamosi asubuhi naosha, nakamua kwa fulana kuukuu ya pamba, taulo hapana, linazivuruga. Kisha jeli ya bamia. Sisi tuliokulia kwenye mlenda hatuhitaji kufundishwa: bamia nane, vikombe viwili vya maji, chemsha hadi maji yavutike kama ute, chuja kwa kitambaa chepesi yakiwa ya moto, maana yakipoa hayapiti. Weka kwenye friji, tumia ndani ya siku nne au tano, ikianza kunuka mwaga. Napaka nywele zingali zinachuruzika, nasokota misokoto minene kumi na minne, kila mmoja naumalizia ncha kwa kuuzungusha kidoleni.

Halafu nasubiri, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kwa fukuto hili msokoto unaweza kuonekana mkavu nje, ndani mbichi. Ukiufumua hivyo, kazi yote imepotea kabla hujafika kituo cha daladala. Mimi nabana msokoto kwa vidole viwili karibu na ngozi: nikihisi ubaridi, bado. Kukauka kunachukua Jumamosi nzima, mara nyingi na usiku wake, hata feni ikiwa imewashwa.

Jambo jingine ni gliserini. Kazi yake ni kuvuta maji, na hewa ya kaskazi na masika ina maji ya kumwaga, hivyo nywele zinavimba na kunata. Kopo la krimu ya nywele likiitaja miongoni mwa vitu vitatu vya mwanzo, naliweka kando hadi kipupwe.

Wenzangu kazini waliniambia niweke dawa niachane na mateso. Dawa hunyoosha kweli, maana inavunja viunganishi vya salfa ambavyo mvuke hauviwezi, na aliyeichagua simlaumu. Ninachowaomba ni kuuliza kuhusu zile huduma za kunyoosha zinazotoa moshi unaochoma macho. Baadhi zina formaldehaidi, ambayo wakala wa utafiti wa saratani wa WHO ameiorodhesha kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Msusi anauvuta moshi ule kutwa.

Leo ni Jumamosi ya masika, mvua imenyesha tangu alfajiri. Misokoto kumi na mitatu imekauka. Mmoja wa kisogoni ukiubana bado wa baridi, kwa hiyo sifumui hata mmoja.