Tulifuata kiboko Rufiji, tukakwama kwenye tope

Yaani ukisema Rufiji watu wanawaza mbuga tu, tembo na simba, hamna anayewaza huku chini mto unakoingia baharini. Mi nilienda na shosti wangu, basi la Mbagala mpaka Bungu halafu bodaboda mpaka Nyamisati, pale watu wanapopandia boti za Mafia, ila sie tulitaka kuzunguka kwenye mikoko tuone viboko.

Tulilala hapohapo maana tuliambiwa boti inatoka saa kumi na mbili asubuhi. Ikaja saa mbili, eti mafuta. Sasa kama hujui bahari utaona masaa mawili si kitu, ila siku ile ilikuwa bamvua, mwezi umetoka kujaa juzi yake tu, maji yakitoka yanatoka kwelikweli, zaidi ya mita 3. Nahodha, mtu mzima mpole, aliangalia maji akaguna. Tukaenda hivohivo.

Saa nne tumekwama. Akazima injini, akajaribu pondo, pondo lenyewe likazama kwenye tope karibu lote. "Wanangu tukae tu, hapa mpaka saa nane." Nilinuna bana, sijaja Rufiji kukaa juani. Mzee akacheka akasema humu hata Wajerumani walijificha na manowari yao kubwa, mpaka ilipopigwa Julai 1915, na Waingereza walilazimika kuleta meli zisizozama sana majini ndo wakaweza kuingia. Basi sie ni nani.

Sasa ukikaa kimya pale tope linaanza kutembea. Kwanza vile visamaki vyenye macho juu ya kichwa, vinajikokota kwa mapezi kama mtu anayetambaa kwa viwiko, kimoja kilipanda kwenye mzizi wa mkoko kikatukodolea halafu macho yakazama ndani yakarudi, kama kinakonyeza. Halafu kaa wadogo, dume ana gando moja kubwa na lingine dogo la kulia chakula, wako mamia, wote wanapunga lile kubwa kuita majike, na ukikohoa tu wote wametumbukia mashimoni kwa pamoja! Tukawa tunakohoa makusudi, watu wazima kabisa. Mdiria mmoja, mgongo wa buluu mdomo mwekundu, akashuka akaondoka na mmoja wao, wenzake wakatulia kidogo wakaendelea kupunga.

Mzee akatuonyesha na mchu, ule unaochomoza vimizizi juu kama penseli zimechomekwa ardhini, eti unapumulia hapo.

Maji yakarudi polepole, boti ikaanza kucheza. Mzee hakuwasha injini, akagonga ubavu wa boti na pondo mara tatu, akanyamaza. Nikauliza kulikoni, akaninyooshea mkono ninyamaze. Ndo nikasikia, pfffff, kama tairi linatoboka, hatua chache tu mbele yetu kwenye mkondo. Masikio mawili, pua, basi. Akatuangalia, akazama, na sisi hatujui anaibukia wapi, shosti kanishika mkono hadi kucha zimeingia. Akaibuka ng'ambo ya pili, mzee ndo akawasha.

Simu ya shosti ina picha 43 za kaa na moja ya kiboko. Kaituma kwenye grupu la familia, mama yake akajibu: hilo gogo mmelifuata mbali hivo?